Kwenye Skrini Yupo, Kwenye Picha Hayupo

Nimeolewa kwenye familia ambayo kila mtu anajua kompyuta kuliko mimi ninayeishi kwa kompyuta. Nina duka la kuchapa na kutoa nakala, meza mbili na mashine tatu, na kazi yangu ya kila siku ni kuokoa makaratasi ya watu: barua iliyogoma kufunguka, cheti kinachotakiwa kiwe picha, fomu iliyolala ubavu ikakataa kusimama. Lakini kwa upande wa mume wangu, ushauri wangu hufuatwa baada ya njia nyingine zote kushindwa. Nimeshazoea. Nasubiri waharibu, halafu nanyoosha.

Mara hii waliharibu kitu kikubwa. Mama mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka themanini siku ya Jumamosi, na wanawe wakaamua kumtengenezea chati ya ukoo: yeye na marehemu Baba juu, watoto wao wanne chini, wajukuu chini ya wazazi wao, kila mtu na kisanduku chake chenye sura na jina. Ichapwe kwenye bango la mita moja na nusu, itundikwe ukutani nyuma ya kiti chake, naye asijue mpaka siku yenyewe. Wazo zuri, na nilisema hivyo. Nilichosahau kusema ni kwamba nitaifanya mimi kuanzia mwanzo.

Alianza Wifi Mwalimu. Huyu ni wa pili kuzaliwa, na chochote anachokitengeneza hukitengeneza kwenye ile programu ya slaidi anayofundishia darasani. Nadhani hata orodha ya sokoni anaiandika humo. Alipomaliza kujiweka yeye na wanawe watatu, akampelekea Wifi Muuguzi, wa tatu kuzaliwa, ambaye ana watoto wanne na mjukuu mmoja, na mjukuu huyo ana picha nyingi kuliko rais. Wifi Muuguzi akampelekea mume wangu. Mume wangu ndiye kitinda mimba, ni mpima ardhi, na nyumbani tunamwita Mpima kwa sababu hata wali anaupima kwa macho kabla ya kukaa. Mpima akaniletea mimi na maneno saba tu: "Weka mapacha wetu, halafu ibadilishe iwe picha."

Faili lilikuwa limekuja na ndugu zake. Kulikuwa na "Ukoo", "Ukoo mpya", "Ukoo wa mwisho", "Ukoo wa mwisho kabisa", na "Ukoo wa mwisho usiguse", ambalo ndilo nililotakiwa kuligusa mimi.

Mzaliwa wa kwanza hakushiriki kazi hii. Kaka Mkubwa ni fundi wa kuchomelea mageti, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari, na kwake simu ni kitu cha kupigia. Alichotuma ni picha moja, yeye na mkewe mlangoni pa karakana, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, mkewe anacheka kwa kitu ambacho sisi hatukukiona. Wawili hao hawakujaliwa watoto. Kisanduku chao kilikuwa kimoja, na chini yake hakikuwa na mstari wowote.

Sasa, mwenye mashine ya mabango hapokei dokumenti. Ni mtu mstaarabu, lakini kwa hilo hana mjadala. "Mama Pacha, niletee picha," aliniambia. "Dokumenti zenu nikizifungua huku kila kitu kinahama. Picha haihami." Nami namwelewa, maana ndiyo maneno ninayowaambia wateja wangu.

Jumatatu nilibadilisha mara ya kwanza. Majina yalitoka yamekatika katikati, nusu juu nusu chini, kwa sababu Wifi Mwalimu alitumia mwandiko wa madaha uliopo kwenye kompyuta yake peke yake. Yangu haina mwandiko huo, ikaweka herufi nyingine nene, zikakosa nafasi. Nikamwomba anitumie mwandiko wake, akanituma kwanza nikasome maelekezo ya programu. Jioni akautuma.

Jumanne majina yalikaa, lakini sura zikawa mawingu. Programu ile ukiiachia yenyewe hutoa picha ndogo ya kutazamia kwenye skrini, na ukiivuta ifike mita moja na nusu, hata Mama anakuwa matofali matupu. Nikaongeza ukubwa wa picha, ikatoka safi. Nikamtumia Mpima kwa simu aione, akanijibu kwamba ina ukungu. Bila shaka ilikuwa na ukungu. Ukituma picha kwa simu kama picha, simu inaiminya njiani ili iwe nyepesi, ndiyo sababu ya kuituma kama faili. Nilimweleza hayo mume wangu tukiwa kitandani mwaka juzi, tukiwa mezani mwaka jana, na Jumanne hiyo nikamweleza tena.

Kufikia Jumatano asubuhi nilikuwa na picha isiyo na doa. Nikaiweka kwenye kundi la familia, ambalo Mama hayumo, nikaandika: "Haya, mseme tena." Wakasifu. Wifi Muuguzi akaweka vikopa saba. Nami nikanywa chai yangu kwa raha ya mtu aliyenyoosha kilichopinda.

Saa nne, Kaka Mkubwa, ambaye haandiki kitu kundini kuanzia Januari hadi Desemba, akaandika: "Nimeiona. Hongereni." Kisha kundi likatuarifu kwamba ametoka.

Ilichukua dakika kumi nzima kuelewa. Wifi Muuguzi ndiye aliyehesabu. Mama na Baba juu, watoto chini yao: mmoja, wawili, watatu.

Hapo lazima niseme jambo ambalo familia hii hailisemi. Mwaka juzi walikaa kujadili Mama akaishi kwa nani. Kaka Mkubwa aliomba akae kwake. Alikuwa tayari ameshajenga chumba, ameshaweka na vishikio vya chuma bafuni, amevichomelea mwenyewe. Wifi Mwalimu akasema, bila ubaya, kwa namna yake ya kusahihisha madaftari: "Kaka, nyumba isiyo na watoto Mama atazungumza na nani?" Hakuna aliyemkanya. Mama akaja kuishi jirani na sisi, na tangu siku hiyo wanne hao hawajakaa meza moja. Kaka Mkubwa huja kumwona Mama siku za kazi, wakati wenzake hawapo. Mama naye kila siku alikuwa ananipigia simu kuuliza Mkubwa amesema nini kuhusu Jumamosi. Kwake sherehe ilikuwa ni hiyo tu, wanne mezani. Keki na maneno mengine alituachia sisi.

Kwa hiyo mwone mtu huyo, amefungua simu karakanani, na picha ya ukoo wake imemwonyesha kwamba hayumo.

Simu zikaanza kumiminika dukani. "Mama Pacha, umemtoa Kaka?" aliuliza Wifi Mwalimu.

"Wifi, mimi nimtoe ili iweje?"

"Nimefungua faili hapa, yupo. Kwangu yupo."

Nikafungua langu. Kweli, alikuwepo, kushoto kabisa, miwani kwenye paji la uso, na mkewe anacheka. Nikabadilisha tena kuwa picha, nikaifungua picha. Hayupo. Kushoto kabisa alikuwa Wifi Mwalimu, akitazama mbele kama mtu asiyemjua jirani yake.

Miaka kumi na mmoja ya duka hili nimeona mengi. Nimeona barua ya kuomba kazi ikigeuka kurasa arobaini tupu, na cheti cha ndoa kilichotoka na bwana harusi pekee kwa sababu ukurasa wa pili ulisahauliwa. Lakini mtu anayeonekana kwenye skrini na kutoweka kwenye picha, yeye na mkewe tu, kati ya watu ishirini, hilo lilinitoa jasho. Nikabadilisha aina ya picha. Hayupo. Nikageuza dokumenti iwe ya kusoma tu kwanza, halafu ndiyo iwe picha. Hayupo. Nikatoa sura yake nikaiweka upya. Nikazima kompyuta nikaiwasha, dawa ambayo nawaandikia wateja wote na ambayo mimi mwenyewe siiamini. Hayupo.

Mawifi nao hawakuninyima msaada. Wifi Muuguzi alisema ni kirusi na akashauri nilitenge faili lisiambukize mengine. Wifi Mwalimu alisema kompyuta yangu imezeeka, imeanza kuchagua watu. Mume wangu alikuja dukani mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu mikono mfukoni, akapumua shingoni mwangu kwa robo saa, kisha akasema: "Labda picha yake ni nzito."

"Mpima," nikamwambia, "kanunue karatasi."

Simu za ndugu zake Kaka Mkubwa hakuzipokea. Ya Mpima aliipokea mara moja tu, Jumatano jioni, akasema ana mageti mawili ya kumaliza, Jumamosi hataweza, wamsalimie Mama. Hakuwa na hasira, ndivyo Mpima alivyosema, na alipolisema hilo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi. Kaka yake huyo ndiye aliyemlea baada ya Baba kufariki. Hata kufunga kamba za viatu alimfundisha yeye.

Alhamisi nikaamua kufanya ninavyofanya na mashine iliyogoma: kutoa kitu kimoja kimoja mpaka ugonjwa ujitokeze. Nilitoa maua ya pembeni. Nikatoa mistari. Nikatoa fremu ya dhahabu ya Wifi Muuguzi, na moyo wangu ukapata nafuu ya pekee. Mwishowe nikatoa mandhari, ile picha ya rangi ya maziwa iliyotandazwa nyuma ya kila mtu. Hapo nikaona.

Kwenye programu ile ukurasa ni mweupe, na kuuzunguka kuna eneo la kijivu. Kijivu si ukurasa. Unaweza kuweka kitu huko ukakiona vizuri kwenye skrini, lakini ukibadilisha kuwa picha, kinachotoka ni kilichomo ndani ya ukurasa tu. Na Kaka Mkubwa na mkewe walikuwa wamekaa huko kwenye kijivu, kando ya ukingo wa kushoto, nje kabisa. Hatukuwaona wako nje kwa sababu mtu alikuwa ameyavuta mandhari yale mpaka yakapita kingo, yakafunika ukurasa na kijivu pamoja, ikawa rangi moja.

"Nani aliyavuta mandhari?" nilimuuliza mume wangu kwenye simu.

Akakohoa. "Yalikuwa hayajai vizuri. Niliyavuta kidogo."

Mpima ardhi mzima, anayeamka alfajiri kwenda kuwaamulia watu mpaka wa kiwanja uko wapi. Nilimwambia hilo na mengine machache, nikakata simu, nikageukia swali la pili. Mandhari yalimficha tu. Aliyemtoa nje ni nani?

Nikafungua mafaili yote matano, moja baada ya jingine, na kupima umbali wa kisanduku kutoka ukingoni. Kwenye "Ukoo", Kaka Mkubwa alikuwa mahali pake pa mzaliwa wa kwanza, mkubwa kama wenzake. Kwenye "Ukoo mpya", Wifi Mwalimu alihitaji nafasi ya mtoto wake wa tatu, akamsogeza kaka yake kushoto sentimita tatu. Kwenye "Ukoo wa mwisho", yule mjukuu mwenye picha nyingi aliwasili, na Wifi Muuguzi akamsogeza kaka yake sentimita mbili na nusu. Kwenye "Ukoo wa mwisho kabisa", bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kuuma ukingo, na ndipo Mpima alipovuta mandhari ili lisionekane linaning'inia. Lakini bado alikuwa ndani, yeye na mkewe, sura zote mbili.

Likabaki faili la tano. La tano nililigusa mimi peke yangu.

Nilikumbuka vizuri. Mapacha wangu walikuwa kwenye kisanduku kimoja, nikaona wamekaa kama bidhaa ya nunua moja upate ya pili bure, nikataka kila mmoja awe na chake. Nikatafuta pa kusogeza. Ukimsogeza Wifi Mwalimu, unakokota watoto watatu na mistari yao. Ukimsogeza Wifi Muuguzi, unavuruga vizazi viwili. Kushoto kulikuwa na kisanduku kisichoshikwa na kitu chini, kinaenda kirahisi. Nikachukua sentimita mbili, na hizo ndizo zilizomtoa nje ya ukurasa.

Nyani haoni kundule. Siku nne nilikuwa nawacheka wenzangu, na mlango nimeufunga mimi. Nilikaa kwenye kiti nikaona aibu, aibu ya kweli. Mteja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho nilimtolea nakala sita bila kuombwa.

Jioni mawifi walishakubaliana, kwa simu, nini cha kusema. "Tumwambie kompyuta iliharibika," alisema Wifi Muuguzi. "Si ni kweli?"

"Kompyuta ilifanya tulichoiambia," nikasema.

"Mama Pacha, usitafute makuu. Tunataka aje, hatutaki kesi."

Mume wangu naye alikuwa upande huo. Na ningeweza. Watu huamini lolote kuhusu kompyuta. Lakini nilijua atakachofanya Kaka Mkubwa akiambiwa hivyo: atasema sawa, hakuna neno, na hatakuja.

Nikampigia mimi. Alipokea, kwa sababu mimi ni shemeji, si wa tumbo lile, ugomvi wao mimi hunipita pembeni. "Shemeji," nikamwambia, "njoo kesho asubuhi dukani nikuonyeshe kitu. Usipokuja nafunga duka nakuja mimi huko, na unajua ninavyotapika kwenye gari."

"Nina vyuma vya kununua huko kwenu," akasema. "Nitapita. Lakini siji kwa habari za picha."

"Nani kataja picha?"

Ijumaa saa tatu na nusu alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, vidole vina alama za moto za miaka thelathini. Mwenye mashine ya mabango alikuwa amenipa mpaka saa sita. Nikampa Kaka Mkubwa kiti changu kizuri, chenye mgongo, nikavuta stuli, nikaondoa mandhari kwenye skrini.

"Huyu ni wewe na mkeo."

Akaisogelea skrini. "Tuko wapi hapa?"

"Nje ya ukurasa. Hapa kwenye kijivu mnaonekana, lakini picha haiwachukui."

"Yaani tuko barazani."

"Mko barazani, shemeji."

Akaitazama ile picha ya mkewe kwa muda. "Nani alitutoa?"

Nikafungua mafaili, moja moja. Nikamwonyesha sentimita tatu za Wifi Mwalimu na mbili na nusu za Wifi Muuguzi. Nikamwambia mdogo wake hakumgusa, alifunika tu, kwa ujinga wake wa kawaida. Alitabasamu kidogo kwa hilo. Kisha nikafungua la tano.

"Hili ni mimi. Sentimita mbili. Nilitaka kila pacha awe na kisanduku chake. Kabla ya hapo mlikuwa ndani."

"Hukukusudia."

"Sikukusudia. Lakini sikuangalia pia."

Mteja akaingia, nikamwomba asubiri nje. Kaka Mkubwa alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, taratibu. "Watu watatu," akasema, "hamkuzungumza, na kila mmoja akanisogeza mimi. Kwa nini mimi?"

Swali hilo nililiogopa usiku kucha. "Kwa sababu chini yako hakuna mistari," nikamwambia. "Kisanduku chako ndicho chepesi. Ukikisogeza, hakuna kingine kinachovurugika."

Feni iligeuka ikatupulizia, ikageukia ukuta. "Hata karakanani," akasema mwishowe, "geti ambalo bado halijachomelewa popote ndilo tunalolisukuma pembeni tukitaka kupita." Alilisema kwa upole, bila kumlaumu mtu, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kama angefoka.

"Naweza kuijaribu hiyo?" Alikuwa anaonyesha kipanya. Nikampa. Mkono wake ulikimeza chote. Kisanduku kikaruka kikaangukia juu ya kichwa cha Baba, akaomba radhi, akakirudisha. Nilidhani anatafuta namna ya kujiingiza kati. Kumbe alikuwa ananiuliza jinsi ya kukipunguza.

"Ukishika pembeni hapa, kinakonda," nikamwonyesha, bila kufikiri.

Akakikondesha. Akafuta neno "fundi" lililokuwa kando ya jina lake. Akapunguza sura mpaka yeye na mkewe wakawa kama stempu ya barua, halafu akakichomeka kwenye upenyo mwembamba kati ya ukingo na Wifi Mwalimu, ambapo hakimgusi mtu. "Hivi," akasema. "Hapa hatusumbui."

Nilimtazama mtu yule, aliyewalea wadogo zake watatu, anavyojibana ili asimkanyage hata mmoja. Nikainama mbele yake, nikabonyeza kurudisha hatua nyuma, mara moja, mara mbili, mara saba, mpaka akarudi ukubwa wake wote.

"Shemeji, usi—"

"Wewe ni mkubwa wangu nyumbani. Hapa ni dukani kwangu." Nilikuwa nimekasirika na sikujua ninamkasirikia nani. "Na mkeo akiona umemfanya stempu, utalala karakanani."

Nikachukua mapacha wangu, nikawarudisha kwenye kisanduku kimoja.

"Hawatakubali hao," akasema. "Watalalamika."

"Wakae. Tumboni walikaa."

Hapo akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka miaka miwili. Nikampigia Wifi Muuguzi nikamwambia mjukuu wake anapunguzwa picha mbili, akaanza kujitetea, nikamwambia Kaka yuko hapa pembeni yangu, akasema basi zipunguzwe tatu. Nikampigia Wifi Mwalimu. Nikamwambia ninahitaji sentimita tatu zake. Akauliza kama Kaka anasikia. Nikasema anasikia. "Mwambie achukue nne," akasema, na simu ikakatika, na nadhani aliikata ili tusimsikie.

Nafasi ilikuwepo muda wote. Nilisogeza mmoja kidogo huku, mwingine kidogo kule, na Kaka Mkubwa akaingia ndani na kusimama mahali pake pa kwanza, mkubwa kama wenzake, na mandhari yakaishia ukingoni yanapotakiwa kuishia. Saa tano na robo nikabadilisha kuwa picha. Nikaifungua, nikamsogezea skrini.

Alianza juu, kwa Mama na Baba. Akashuka na kidole hewani, bila kugusa kioo, akaenda kushoto pole pole kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu. Kidole kikasimama.

"Nimo," akasema.

Akatoa simu akampigia Mama pale pale, akafungua sauti ya nje kama anavyofanya akiwa kazini. Nikampungia mikono kumkataza, maana bango lilikuwa siri, siri ya wiki tatu. Hakuniona.

"Mama," akasema, "nimo."

"Umo wapi?"

"Kwenye picha ya kesho, ya ukutani. Sikuwemo, lakini sasa nimo. Mimi na mke wangu."

"Picha gani?" alisema Mama. "Mimi sijui habari za picha. Nimekufungulia chumba tangu asubuhi kipate hewa, ulale humu kuamkia kesho, hapa nimekalia kiti cha mlangoni mpaka mgongo unauma. Nakuuliza uko wapi."

Kaka Mkubwa aligeukia mashine ya nakala, akanipa mgongo. Mama akaita jina lake mara mbili akidhani mtandao umekata.

"Niko njiani, Mama," akasema.